Pua ya Asbjørn

Jua lilirudi Vardø siku ya Jumanne, saa tano na ushee,
likachungulia juu ya maji, likapotea,
kama mdaiwa anayepita mbele ya duka.
Ngomeni wakapiga mzinga. Watoto wakaachiwa shule.
Na kwangu, kwenye skrini juu ya kaunta,
wateja wote wakageuka masizi.

Kila aingiaye ni koti jeusi, kofia nyeusi,
kichwa cha mkaa,
na nyuma yake mlango unawaka theluji tupu.
Mtu kachukua glavu za sufu, jozi mbili, za kijivu.
Nikarudisha picha nyuma mara tatu, mara nne:
kivuli kinaingia,
kivuli kinainama,
kivuli kinatoka.
Nimpeleke kivuli kwa polisi gani?

Nikamwita Eilert wa mitambo.
Akaja na ngazi, hakuitumia.
"Torgunn, kamera yako si mbovu. Inapima mwanga.
Nyingine hupima picha nzima, zikagawa wastani
kama urithi wa ndugu wasiopatana:
kila mtu kidogo, hakuna aliyeridhika.
Yako imeambiwa ipime mahali pamoja tu."
Akafungua mipangilio, chini kabisa, ukurasa wa mwisho.
Kisanduku cha kijani, kidogo kama stempu,
kilikuwa kinaelea mlangoni juu ya vichwa vya watu,
pale ambapo hapana kitu ila anga.
"Nani mrefu hivi?"

Nikajifanya natafuta betri.

Tuliifunga wawili, mwisho wa Novemba, jua limeshaaga.
Asbjørn akasimama mlangoni, theluji mabegani,
kofia ikigusa kengele.
"Chora hapa, puani.
Pua hii yatosha kuwa kipimo cha kaskazini nzima."
Nikachora. Nikabonyeza Hifadhi.
Desemba moyo ukamgomea ngazini,
mfuko wa chumvi ya barabara mkononi.

Kamera hakuna aliyeiambia.
Wiki zote za giza ilimngoja palepale,
ikipima hewa, jicho kodo.
Na jua liliporudi likakaa pale pua ilipokuwa,
ikafumba,
sisi tuliobaki tukazimika.
Macho hayana pazia, husema watu.
Hili linalo.

Eilert ni kijana wa adabu:
alikunywa kahawa yangu ya jana bila kukunja uso.
"Nikishushe?"
"Kiasi gani?"
"Usawa wa watu."
Nikamnyang'anya kipanya.
Nikakivuta mwenyewe, kidogo, kidogo tena,
kikapita paji la uso ambalo halipo, kikapita ndevu,
kikatua kwenye kifua chake, yaani kwenye nyuso zetu.
Mara mlango ukaungua. Barabara ikayeyuka,
bandari na boti zote zikawa maziwa.
"Ndiyo bei yake," alisema Eilert. "Ukitaka uso, toa barabara."
Nikaitoa.

Alhamisi akaja wa glavu.
Sasa namwona: Ingvald wa gati la tatu,
kidevu hakijanyolewa, glavu zangu vidoleni,
na nyuma yake mjukuu, kavaa jozi ya pili
inayomfika viwikoni.
Alinunua mkate, akahesabu sarafu, zikatosha mkate.
Nilikuwa nao uso wake wote, hadi kovu la nyusi.
Nikaandika daftarini: glavu, jozi mbili, Ingvald, atalipa.
Sikumwambia kwamba nimeandika.

Kile kisanduku cha zamani Eilert hakukifuta.
"Nimekihifadhi namba mbili," alisema akifunga buti,
bila kunitazama.

Usiku, nikishafunga duka, naweka namba mbili.
Haimdhuru mtu, nje ni giza.
Jicho linafunguka lote, usawa wa kengele,
na mimi napanda kulala.
Asubuhi naweka moja kabla ya kufungua.
Jana nilisahau.
Tarishi wa posta aliingia mweusi kama birika,
akauliza mbona naitazama skrini
na yeye yuko hapa mbele yangu.
Nikamwambia, ngoja kwanza.